Somo la 11: Muulize Anayetunza Vitabu



Umemaliza kitabu cha kwanza na cha pili. Sasa unaweza kusoma barua, kibao cha zahanati na majina kwenye karatasi ya kura. Hongera sana. Nami nataka kukuuliza swali moja. Tangu ulipomaliza kisomo, umesoma nini?

Usione haya. Wengi ninaowauliza swali hili hunyamaza kwanza. Kisha baadhi yao husema, "Mwalimu, sina cha kusoma." Wengine husema, "Vitabu nimeviona, lakini sijui nianze na kipi." Somo hili ni la hao wa pili. Lakini na hao wa kwanza wakae karibu, maana yapo yao pia.

Nikueleze kwa nini nauliza.

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia yupo mama mmoja, mkulima wa mihogo na mfugaji wa mbuzi. Alihudhuria kisomo miaka miwili bila kukosa. Alifaulu jaribio, akapewa cheti, akakitundika ukutani. Baada ya hapo hakushika kitabu tena. Hakuwa mvivu. Nyumbani kwake hakukuwa na kitu cha kusoma ila pakiti ya majani ya chai na kalenda ya mwaka uliopita. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Siku moja shemeji yake alimletea karatasi kutoka chama cha kuweka na kukopa. Akamwambia, "Shemeji, tia sahihi hapa. Ni ushahidi tu kwamba mimi ni mkazi wa hapa." Mama akaitazama ile karatasi. Herufi alizijua moja moja, lakini zilikataa kuungana. Akaona aibu kusema, maana cheti kilikuwa ukutani na shemeji alikuwa akikiona. Akaandika jina lake, kwa sababu jina lake hakulisahau.

Kumbe karatasi ilisema kwamba yeye ni mdhamini wa mkopo. Shemeji alishindwa kulipa. Mbuzi wanne wa yule mama wakachukuliwa.

Aliponisimulia hakulia. Aliniambia hivi: "Mwalimu, heri ningebaki na dole gumba. Mtu wa dole gumba husomewa kwanza."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na hadi leo ninayo. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimpa kusoma, sikumpa cha kusoma.

Jambo hili si la kijiji kimoja. Mwaka 1967 zaidi ya nusu ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, kwenye maghala ya pamba, kwenye ofisi za vijiji. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walibaki kama 10 tu katika kila watu wazima 100. Baadaye idadi hiyo ilipanda tena. Sababu ni nyingi, na wataalamu wanazo zaidi yangu. Lakini moja ninaiona kwa macho yangu kila wiki: njia ya shambani isipopitwa, majani huiziba. Mtu akijifunza kusoma halafu akakaa bila kusoma, herufi humrudia kuwa michoro.

Basi aliyejua kusoma anahitaji kitabu. Wala si kitabu chochote. Anahitaji kitabu ambacho akifika mahali fulani hataki kuzima taa. Nani anakijua kitabu hicho? Yule anayeshinda na vitabu kutwa nzima, yaani mtunza maktaba. Wengine humwita mkutubi. Ni mtu yule yule.

Nchi yetu ina maktaba za umma tangu zamani. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Leo mikoa mingi ina maktaba, na wilaya kadhaa pia. Zile kabati za vitabu zilizowekwa vijijini miaka ya 1970, nyingi zimekwisha. Mchwa nao ni wasomaji.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ukifika maktaba usiulize, "Kitabu kizuri ni kipi?" Mimi niliuliza hivyo mara nyingi, na kila mara nilionyeshwa kitabu ambacho yule mtumishi aliona kinanifaa: kilimo cha mahindi, ufugaji wa kuku, usafi wa choo. Ni vitabu vya maana, navyo vina siku yake. Lakini siku moja nilibadili swali. Nilisema, "Samahani, wewe mwenyewe unakipenda kipi? Kipi ulikisoma ukakirudia?" Yule mtumishi alinitazama, akacheka, akaacha kazi aliyokuwa akiifanya, akaenda moja kwa moja hadi rafu ya mwisho bila kutazama namba.

Tangu siku hiyo, kila nikitumwa mjini kuchukua vifaa vya kisomo, nauliza swali hilo. Nitakueleza niliyojibiwa.

Mtu wa kwanza ni mzee aliyestaafu zamani. Miaka ya mwisho ya 1970 alitunza kabati la vitabu la kijiji chake. Nilimwamkia, nikamwuliza. Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Hekaya za Abunuwasi." Akaniambia kuwa hicho ndicho kitabu pekee alichokuwa akikifuata nyumba kwa nyumba ili kirudishwe, na mwishowe kilirudi hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Yeye hakukasirika. Alisema kitabu kilichorudi kizima ni kitabu kilicholala.

Uzuri wa hekaya hizo ni kwamba ni fupi. Unaweza kusoma moja na kuimaliza kabla maharage hayajaiva. Tena huenda nyingine uliwahi kusimuliwa utotoni. Mfano ni ile ya sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Alipoirudisha, ndani yake alitia sufuria ndogo. Jirani akashangaa. Abunuwasi akasema, "Sufuria yako ilikuwa na mimba. Imezaa kwangu." Jirani akafurahi, akazichukua zote mbili bila kuuliza zaidi. Siku nyingine Abunuwasi akaazima tena sufuria, kubwa kuliko ya kwanza. Siku zikapita, hakuirudisha. Jirani akaja kuidai. Abunuwasi akainamisha kichwa kwa huzuni akasema kwamba sufuria imefariki dunia.

Jirani akapiga kelele kwamba sufuria haifi. Alijibiwa nini? Hapo sikuambii. Wewe utafikiri, kisha utakitafuta kitabu.

Mtu wa pili ni mama wa makamo ambaye hupokea vitabu vinavyorudishwa katika maktaba ya mkoa. Yeye alinipa Wasifu wa Siti binti Saad. Kiliandikwa na Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu maskini. Mama yake alifinyanga vyungu, na Siti alivichukua mjini kuviuza. Hakupata shule. Lakini alikuwa na sauti. Akahamia mjini, akajifunza kuimba taarabu, akawa mwimbaji anayetafutwa na wakubwa na wadogo. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kuimba katika sahani za santuri. Sauti yake ikasikika pwani yote na bara, kwa lugha ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1950.

Nilimwuliza yule mama kwa nini anakipenda. Akajibu, "Kwa sababu Siti hakujua kusoma, lakini leo anasomwa." Kisha akaendelea kupiga mihuri.

Nikuonye jambo moja. Kiswahili cha Shaaban Robert ni cha fahari. Sentensi zake ni ndefu, na maneno mengine hayatumiki sana siku hizi. Hilo nililijua kwa kuadhirika. Miaka michache iliyopita, kwa pupa yangu, nilipeleka kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo, Kusadikika, kwa kikundi kilichomaliza kisomo mwezi mmoja tu kabla. Kitabu hicho kinasimulia habari za nchi inayoelea angani. Tulisoma kurasa mbili. Mzee mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, hiyo nchi haigusi chini. Sasa wanalima wapi?" Darasa lilicheka, na wiki iliyofuata walikuja watu watano tu.

Nilikiweka kitabu sandukuni. Baada ya mwaka nilikitoa tena, lakini safari hii sikuwapa wasome. Niliwasomea mimi, sehemu ya Karama mahakamani. Karama ameshtakiwa kwa kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme. Anawaeleza habari za wajumbe waliotumwa na nchi kwenda pande sita kutafuta mambo ya faida, na waliporudi nayo wakatiwa gerezani. Wanakijiji wanajua mkutano. Wanajua jinsi mtu anavyosimama kujitetea wakati wakubwa wamekunja uso. Yule mzee aliyeuliza habari za kulima ndiye aliyenizuia nisifunge kitabu. Kwa hiyo sisemi Kusadikika ni kitabu kibaya. Kosa lilikuwa langu. Nililisha mtoto mchanga nyama ya ng'ombe dume.

Mtu wa tatu ni kijana wa mapokezi. Alinong'ona kana kwamba ananiuzia magendo. "Chukua Mzimu wa Watu wa Kale." Kiliandikwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kikatolewa mwaka 1960 baada ya kupata zawadi katika shindano la kuandika hadithi. Mtu anakutwa amekufa mahali ambapo watu wanapaogopa, penye mzimu. Kila mtu ana lake la kusema. Hapo anaingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni. Bwana Msa haogopi mizimu. Anauliza maswali. Ukikipenda, Bwana Msa yumo pia katika Kisima cha Giningi na vingine. Mimi nilimjua muuaji mwishoni kabisa. Mke wangu alimjua kabla hajafika katikati, na napenda tusilizungumze sana jambo hilo.

Mtu wa nne ndiye aliyenifanya niandike somo hili.

Ni mama aliyezaliwa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria, naye anafanya kazi ya kupanga vitabu rafuni. Nilipomwuliza swali langu alikwenda akarudi amekumbatia kitabu kinene kama tofali. Jina lake ni refu pia: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Nikasema, "Dada, hiki ni kikubwa mno kwa watu wangu." Akanijibu, "Hata safari ya Mwanza hadi Nansio ni ndefu, lakini watu hupanda meli."

Kisha akanieleza habari za mwandishi. Aliitwa Aniceti Kitereza, Mkerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliona kwamba mila na maisha ya zamani ya Wakerewe yanapotea, watoto hawayajui. Akaamua kuyaandika, lakini kwa njia ya hadithi ili watu wasichoke. Aliandika kwa lugha yake, Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Hakupatikana mtu wa kukichapa, kwa kuwa lugha ile ina wasomaji wachache. Mzee hakukata tamaa. Akakaa chini akakigeuza kitabu chote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe. Kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Hesabu mwenyewe: tangu 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi, mzee akafariki.

Hadithi yenyewe ni ya mtu na mke wake. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza kumsema mke, maneno ya kuchoma. Wazazi wa Bugonoka wanaposikia, wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anabaki peke yake na nyumba baridi. Anafanya nini? Anakwenda ukweni kuomba mke wake arudi. Wakwe hawamkatalii moja kwa moja, lakini wanamtoza pombe ya ndizi, naye inambidi aitengeneze. Baadaye wanatafuta mganga wa kuwatibu. Sitakumalizia yote. Majina mawili ya mwisho katika jina la kitabu yanatosha kukuonyesha kuwa habari haiishii kwenye machozi.

Humo ndani utakuta jinsi watu walivyolima, walivyovua, walivyokaribisha wageni, walivyouguza mgonjwa, walivyozika. Kitereza haruki kitu. Mtu akipika, utaona tangu kuni hadi kunawa mikono. Msomaji wa mjini mwenye haraka anaweza kuchoka. Msomaji wa kijijini hachoki, kwa sababu mambo hayo ni yake.

Nilimfikiria yule mama wa mbuzi wanne. Nikamchukua hadi mjini siku ya gulio, tukaingia maktaba pamoja. Mkutubi akampa fomu. Mama akaanza kuisoma polepole, kidole chini ya neno. Akafika kwenye neno "mdhamini". Kidole kikasimama. Akaniangalia, akairudisha fomu mezani.

Ilibidi nimweleze kwamba safari hii ni yeye anayedhaminiwa. Maktaba inataka mtu wa kujibu iwapo kitabu kitapotea. Nikatia sahihi mimi. Lakini kwanza nilimwomba anisomee fomu nzima kwa sauti, kila mstari, huku watu wanasubiri nyuma yetu. Tulichukua muda mrefu. Hakuna aliyelalamika, au kama alilalamika sikusikia.

Alisoma ukurasa mmoja kila usiku pamoja na binti yake wa darasa la sita. Mwanzoni binti alisoma, mama akafuata. Baada ya majuma kadhaa walipokezana. Kitabu tuliongeza muda wake mara nyingi. Siku moja nilipita kwake nikamkuta amekasirika. Alikuwa amefika penye pombe ya ndizi. "Mwalimu, huyu mzee wako hapa amekosea. Sisi hatutengenezi hivi." Nikamwuliza wanatengenezaje. Akanieleza nusu saa, huku akirudi kitabuni kuhakikisha maneno, akibishana na mtu aliyefariki mwaka 1981.

Nilifurahi kuliko siku aliyopewa cheti.

Mbuzi hawakurudi. Deni lilikwisha kulipwa kwao, na shemeji yake hadi leo humsalimu kwa mbali. Lakini mwaka uliopita chama kilileta karatasi nyingine, ya masharti mapya, na mletaji alikuwa na haraka. Mama alimwambia aiache hapo mezani, ataisoma jioni, na aje kesho kuichukua.

Sasa, ukienda maktaba, fanya hivi. Uliza masharti ya uanachama na ada yake, maana hubadilika. Kisha muulize mtumishi swali letu. Kama ana kazi nyingi na hawezi kukujibu, kitabu chenyewe kitakujibu. Fungua ukurasa wa mwisho. Mara nyingi utakuta karatasi iliyobandikwa, yenye tarehe za mihuri. Kila muhuri ni mtu mmoja aliyekichukua kwenda nacho nyumbani. Karatasi ikiwa imejaa mihuri, na pembe za kurasa zimelegea, jua kimependwa. Soma ukurasa mmoja hapo hapo ukiwa umesimama. Ukikuta maneno zaidi ya matano usiyoyajua, kirudishe kwa sasa, utakifuata mwakani.

Na kama maktaba iko mbali? Huenda shule ya msingi ya kijiji chako ina rafu ya vitabu vya hadithi. Mwone mwalimu mkuu, ombeni mkiwa kikundi, mchague mtu mmoja wa kuviandika katika daftari vinapotoka na vinaporudi. Huyo mliyemchagua ndiye mtunza maktaba wenu. Na yeye mwulizeni anapenda kipi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini yule mama alisema mtu wa dole gumba husomewa kwanza? Je, mnakubaliana naye?

2. Mnafikiri Abunuwasi alimjibu nini jirani yake? Kila mtu atoe jibu lake kabla ya kukitafuta kitabu.

3. Kitereza alingoja miaka 35. Katika kijiji chenu ni mambo gani ya zamani ambayo bado hayajaandikwa? Nani anayajua?

4. Pombe ya ndizi, au kinywaji kingine cha kwenu, hutengenezwaje? Andikeni hatua zake katika daftari. Msiruke kitu.

Zoezi la nyumbani

Mtafute mtu mmoja anayesoma vitabu: mwalimu, mganga wa zahanati, kijana wa sekondari. Muulize ni kitabu gani alikisoma akakirudia. Andika jina la kitabu, jina la mwandishi, na sababu aliyokupa. Uje nayo darasani siku ya somo la 12.